Ukihamia Kigoma, anza na mwezi

Umehamishiwa Kigoma na huna mwenyeji? Kabla hujauliza ufukwe mzuri uko wapi, tazama angani. Dagaa wa hapa huvuliwa usiku kwa taa, nao huufuata mwanga. Mwezi ukiwa mpevu taa haifui dafu, wavuvi wengi hupumzika. Basi ngoja siku za giza, damka, ushuke mwalo wa Kibirizi, wavuvi wanaposhushia samaki wa Ziwa Tanganyika, jua halijawa kali.

Chagua dagaa waliokaushwa juu ya kichanja. Wa mchangani ni nafuu, lakini utaosha mpaka uchoke na jino bado litakutana na changarawe. Vunja mmoja: mkavu hukatika, mbichi hupinda. Mama muuzaji akikwambia "huyu atakaukia nyumbani", mwitikie vizuri, upite. Weka na akiba ndani, maana kuna kufungwa ziwa. Mwaka 2024 uvuvi ulisimama tangu 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane.

Wapike kwa mawese. Yakiganda, anika chupa juani. Yachemke kwanza harufu mbichi iishe, ndipo kitunguu, nyanya, kisha dagaa waliooshwa kwa maji ya moto. Ugali uwe wa muhogo. Wapo wanaotia binzari, hao siwasemei.

Tumbo likishashiba, panda daladala uende Ujiji. Wageni hupiga picha kwenye mnara wa Livingstone na Stanley, waliokutana pale mwaka 1871, halafu wanageuza. Wewe ingia mitaani kwa miguu. Hapa ndipo njia ya misafara kutoka Bagamoyo ilipofikia ziwa, ikibeba pembe za ndovu na watu waliofungwa minyororo. Uswahili uliokuja kwa njia hiyo haukuondoka: kanzu, misikiti, vibaraza vya mazungumzo. Salimia kila kibaraza, usiwe na haraka. Mzee mmoja wa pale atakupa habari kuliko kibao chochote.

Jioni moja pita stesheni, jengo la Wajerumani. Reli yao ilifika huku mwaka 1914. Kutoka hapo ziwa liko jirani, na jua huzamia upande wa Kongo. Usilalamike kiangazi ukikosa kuona milima ya ng'ambo. Vumbi na moshi wa mashamba huificha. Mvua zikianza, itatokea.

Hifadhi ya Gombe nayo utaenda, ila usiifanye ya kwanza. Sokwe wanaochunguzwa tangu 1960 wanaweza kukusubiri mpaka mshahara mwingine.