Ndizi nyekundu nyumbani Mwanza: kuanzia chipukizi hadi siku ya kuimenya

Mgomba wa ndizi nyekundu, ambao Zanzibar huitwa mzungu mwekundu, unadai mambo mawili zaidi kuliko ndizi za aina ya kisukari au mtwike: jicho kali siku ya kuchagua mche, na subira siku ya kula. Anayekosea moja kati ya hayo huishia kusema ndizi yenyewe haina ladha.

Anza na rangi. Mgomba huu una tabia ya kugeuka: mama mwekundu anaweza kutoa chipukizi la kijani, na hilo litazaa ndizi za kijani zinazoiva kuwa manjano. Hakuna mbolea ya kulirudisha. Chukua chipukizi la sime, lenye majani membamba kama upanga, urefu wa mita 1 hivi, ulikague bua lote. Liwe rangi ya damu ya mzee, na mshipa wa katikati ya jani uwe na wekundu huohuo. Lenye mabaka ya kijani liache. Chipukizi la maji, lile lenye majani mapana tangu likiwa dogo, liache pia. Huanza kwa unyonge na mkungu wake huwa mdogo.

Chipukizi linalovushwa ziwani kutoka Kagera bila kujulikana shamba lilikotoka ni hatari. Mnyauko bakteria, ugonjwa wa migomba uitwao pia unyanjano, uliripotiwa huko mwaka 2006, na husafiri ndani ya mche unaoonekana mzima kabisa. Miche ya maabara ndiyo salama zaidi. Ulizia kwa ofisa ugani au TARI Maruku, kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania kilichoko Kagera. Ukipata la jirani mwenye migomba yenye afya, kata mizizi yote, menya kitako mpaka kiwe cheupe, kisha kitumbukize katika maji yanayochemka kwa sekunde 30. Hapo mayai ya fukusi, mdudu anayetoboa kitako cha mgomba, na minyoo fundo ya mizizi hufa. Ukizidisha sana, unapika mche.

Chimba shimo la sentimita 60 kila upande, na kwenye kichanga cha Mwanza ongeza hadi 90. Sururu ikigonga mwamba kabla ya nusu mita, hamisha shimo, kwa sababu mgomba huu hupita mita 4 na upepo wa ziwa utaung'oa. Changanya udongo wa juu na madebe 2 ya samadi iliyooza. Samadi mbichi huunguza mizizi. Acha mita 3 na nusu hadi mgomba mwingine. Panda mvua za Oktoba au Novemba zikishika, ili mche upate vuli na masika kabla ya kiangazi cha Juni hadi Septemba. Kiangazi hicho ndicho kinachoharibu mikungu: upe mgomba lita 40 kwa wiki, na tandaza nyasi kavu nene, zikae mbali na shina ili fukusi wasijifiche hapo. Jivu la kuni, makopo machache kila mvua zinapoanza, husaidia ndizi kujaa.

Bakiza mama, mtoto na mjukuu tu kwa kila shina, ukikagua rangi ya kila anayebaki.

Subiri mwaka na nusu, wakati mwingine zaidi, kabla ya kuvuna. Mkungu huwa na chane chache, lakini ndizi ni nene na nzito, kwa hiyo weka mti wa kuegemea mapema. Chane ya mwisho ikishajitokeza, vunja ua dume kwa kijiti chenye panda, usitumie panga. Wadudu hubeba unyanjano kutoka ua hadi ua, na panga hubeba utomvu. Hapa weka umakini wa pekee: kwenye migomba mingine ndizi moja moja kuwa manjano mapema ni dalili, ila kwenye nyekundu rangi huificha. Papasa. Ukikuta ndizi laini kati ya ngumu, ipasue. Doa la kahawia ndani maana yake shina hilo ling'olewe, na panga lipitishwe motoni.

Kata mkungu pembe za ndizi zikifutika na kuwa mviringo, yapata miezi 4 baada ya kuchanua. Ning'iniza kivulini. Ukitaka ndizi chache ziwahi, zifunike kwenye ndoo pamoja na parachichi lililoiva.

Sasa subira. Usingoje manjano, haitakuja. Damu ya mzee hufifia ikaelekea rangi ya tofali, kisha chungwa iliyokolea, na vidoa vyeusi huanza kutokea. Bonyeza karibu na kikonyo: ikibonyea kama parachichi bivu, imefika. Ukiimenya siku tatu kabla, utakuta wanga mzito na ukakasi unaokaba ulimi. Ikiwa tayari, nyama ni rangi ya maziwa yenye uchungwa au uwaridi kidogo, laini kuliko mtwike, utamu wake umetulia na harufu inajaza mkono. Ionje kando ya kisukari ya siku hiyohiyo: kisukari ina kichachu chepesi, nyekundu haina. Usiiweke kwenye friji kabla haijaiva; baridi huzuia utamu kukamilika na ganda hugeuka jeusi.