Watu wanne, maneti nne: namna ya kuchezesha Shredder's Revenge katika chumba cha michezo Goma

Kuanzia mtaa wa Birere mpaka Ndosho, mchezo wa mpira kwenye mashine ndio unaolipa kodi ya chumba. Wawili wanakaa, mmoja anafungwa, anayefuata anashika maneti, yaani kidhibiti cha kuchezea. Teenage Mutant Ninja Turtles: Shredder's Revenge haiendi hivyo. Wote wako upande mmoja, hakuna wa kufungwa, na hadithi nzima inaisha kwa saa mbili au tatu. Hapo ndipo maoni yanapogongana. Wengine wanasema tangu mashine za Konami za mwaka 1989 na 1991 hakujatoka mchezo wa kobe ninja mzuri kama huu. Wengine wanasema ni mfupi, ni fujo tupu, na hela yao imepotea. Mara nyingi wanazungumzia mchezo uleule uliopangwa vibaya upande mmoja na vizuri upande wa pili.

Ulitoka tarehe 16 Juni 2022. Uliundwa na Tribute Games ya Montreal na kusambazwa na Dotemu ya Paris, kwa kufuata katuni ya mwaka 1987. Hata sauti za kobe wanne ni za waigizaji walewale wa katuni hiyo. Menyu ina Kifaransa. Iweke hivyo kabla wateja hawajaingia, la sivyo utaitwa kila dakika kutafsiri.

Wanne, si sita

Mchezo unabeba watu sita, lakini PS4, mashine tunayoizungumzia hapa, inapokea maneti nne tu kwa wakati mmoja. Sita ni habari ya Xbox, Switch, kompyuta, au kucheza kwa intaneti. Usisikitike. Lalamiko kubwa la waliocheza sita ni kwamba mtu hajioni: adui wanaongezeka kadiri watu wanavyoongezeka, na kwenye televisheni ya inchi 32 inabaki rangi inayochemka. Wanne ndio kipimo kizuri. Hata hao wagawanye: wawili wapigane upande wa juu wa njia, wawili upande wa chini. Wakijazana mstari mmoja, watatu watapiga adui mmoja na wa nne ataliwa mgongoni.

Kuunganisha maneti

Chomeka maneti kwa waya wa micro-USB, bonyeza kitufe cha PS katikati, subiri taa itulie. Ya kwanza inawaka bluu, ya pili nyekundu, ya tatu kijani, ya nne waridi. Bandika kipande cha skochi (utepe wa kubandika) chenye rangi hiyo kwenye kila maneti, maana ugomvi wa "mimi ni nani?" huanzia hapo. PS4 itauliza nani anatumia maneti hiyo. Kwa wa pili mpaka wa nne chagua mgeni, usiwafungulie akaunti.

Kama maneti inapata chaji lakini haiungani, laumu waya kwanza. Waya nyingi za bei nafuu sokoni zina nyuzi za chaji tu, hazina za data. Zinajaza betri lakini mashine haizioni. Jaribu waya nyingine kabla ya kumpelekea fundi maneti nzima. Tena PS4 ya kawaida ina matundu mawili tu ya USB mbele, kwa hiyo mbili zichajiwe kwenye chaja ya ukutani ya volti 5, kama saa mbili, kabla ya saa za wateja wengi.

Mashine yenyewe usiilaze chini. Vumbi la makoro, yale mawe ya volkano, ni kali, linaingia kwenye feni na kukaa. Meza ya mbao, nafasi ya wazi pande zote, na brashi laini kwenye matundu kila wiki. Ukisikia feni inalia kama grupu (jenereta), umechelewa.

Hadithi au Arcade: uliza umeme kwanza

Huu ndio mjadala mkubwa wa wachezaji. Hali ya Arcade ni ya kizamani: unaanza mwanzo, nafasi za kurudi zinahesabiwa, hakuna kuhifadhi. Hali ya Hadithi ina hatua 16 kwenye ramani, inahifadhi ukimaliza kila hatua, na mhusika wako anapanda ngazi mpaka ya 10, akiongezewa uhai na mapigo mapya. Wazee wa Arcade hawaipendi. Wanasema nguvu inatoka kwenye saa ulizokaa, si kwenye mkono. Hawakosei.

Ila katika mji ambao umeme unaweza kukata wakati wowote, Arcade ni kamari. Umeme ukikatika kwenye hatua ya 14, wateja wanne watakuangalia wewe, hawataangalia nguzo ya umeme. Katika Hadithi wanapoteza hatua moja tu. Basi chagua Hadithi, ugumu wa katikati, na Arcade uiache kwa siku grupu lina mafuta ya kutosha na walioketi wanajua wanachofanya.

PS4 na televisheni ndogo ya LED kwa kawaida havivuki wati 200. UPS (kifaa cha betri cha kushikilia umeme ukikatika) ya VA 650 yenye betri nzima inaweza kuvibeba kama dakika kumi, muda wa kumaliza hatua mliyomo. Ukitumia grupu, liwashe kwanza, liache litulie, ndipo uchomeke mashine kupitia stabilizateri, kifaa cha kusawazisha umeme.

Umeme ukizimika ghafla, PS4 ikiwaka tena itakagua diski yake, iache imalize. Ikianza kukwama kwenye menyu, izime kabisa, kisha shikilia kitufe cha kuwasha mpaka mlio wa pili, kama sekunde saba. Chomeka maneti kwa waya na, kwenye menyu itakayotokea, uchague namba 5, ya kujenga upya hifadhidata. Haifuti michezo. Namba 6 na 7 zinafuta kila kitu, kwa hiyo asiyejua kusoma menyu hiyo asiguse.

Kikundi kinachorudi kila Jumamosi kifungulie akaunti yake kwenye PS4, mmoja wao aishike kwenye maneti ya kwanza. Ukiwachanganya kwenye akaunti moja, watoto wa mchana watamaliza kazi ya wakubwa wa jioni.

Nani achukue nani

Leonardo yuko katikati kwa kila kitu. Mpe asiyejua chochote. Donatello ana fimbo inayofika mbali lakini ni mzito, anamfaa mwoga anayependa kupiga bila kusogea. Raphael anapiga kwa nguvu lakini mkono ni mfupi, lazima aingie ndani ya kundi, na mgeni akimchukua atakuwa wa kwanza kulala. Michelangelo na April ni wepesi wa miguu, watoto wanawapenda. Splinter ana pigo zito. Casey Jones haonekani mpaka mmalize hadithi, kwa hiyo usikubali kudaiwa kwamba "mchezo wako si kamili".

Pointi za ngazi zinamwendea mhusika aliyechezwa, hazigawanywi kwa wote. Kikundi kinachobadilisha mhusika kila hatua kinafika mwishoni na watu sita dhaifu badala ya wanne wenye nguvu. Kisha wanasema mchezo umegeuka mgumu ghafla. Haujageuka. Kila mmoja ashike wake angalau nusu ya kwanza ya hadithi.

Kosa linaloangusha kikundi

Wengi wanagonga mraba tu. Wafundishe duara, la kukwepa, kabla ya kitu kingine. Mraba ukishikiliwa unatoa pigo zito, la wale wanaojikinga. Pembetatu inatoa pigo kuu, mita yake ikishajaa. Mita inajazwa kwa kupiga mfululizo au kwa kumkejeli adui mpaka mwendo wa kejeli umalizike. Ukiguswa katikati, hupati kitu. Kwa hiyo anayekejeli asimame nyuma, wenzake wamzibe.

Pigo kuu msitoe wanne kwa pamoja. La kwanza linamtupa mkubwa wa adui chini, matatu yanapiga hewa. Peaneni zamu, kwa sauti. Kati ya wakubwa hao, Bebop mtamkuta mwisho wa hatua ya kwanza na Rocksteady mwisho wa ya pili, na wote wawili wana tabia ya kukimbia moja kwa moja. Msiwakimbilie, tokeni kwenye mstari wao, waacheni wamalize, ndipo mpige.

Sasa pitsa. Pitsa ya kawaida inarudisha uhai, na kosa linaloangusha vikundi vingi ni mwenye uhai kamili kuila kwa sababu alikuwa karibu. Sheria moja: anayekula ni mwenye mstari wa uhai mfupi kuliko wote. Mwenzenu akianguka, mmoja amsogelee na kushikilia kitufe ili amwinue kabla hesabu haijaisha, na wawili wasimame kati yake na adui, maana pigo moja linakatiza kazi hiyo. Unaweza pia kumpa mwenzako sehemu ya uhai wako kwa kugongana mikono. Wachache wanajua hilo, na ndilo linalotofautisha kikundi na watu wanne waliokaa benchi moja.

Bei

Lipisha kwa hatua, si kwa saa wala kwa kufa. Hatua nyingi ni dakika sita mpaka kumi, karibu sawa na mechi fupi ya mpira. Chukua bei ya mechi, igawe kwa wanne, ongeza franka chache za umeme. Kila mmoja analipa kidogo, nawe hupotezi muda wa mashine. Anayetoka atoke kwenye ramani, baada ya hatua kuisha, na anayefuata ashike maneti ileile.

Kucheza na watu wa nje kwa intaneti kunahitaji PS Plus (usajili wa kulipia wa Sony) na mtandao usiotikisika. Wachezaji wengi walilalamika kukatwa katikati ya hatua, na kwa megabaiti za kununua kwa siku haifai kitu.

Kikundi kikimaliza hadithi na kuanza kupiga miayo, ndipo ununue nyongeza ya Dimension Shellshock, ya tarehe 31 Agosti 2023. Inaleta wahusika wapya Usagi na Karai, na hali ya kuishi: mawimbi ya adui, na zawadi ya kuchagua kila mnapopita. Hapo hakuna mwisho wa kusimuliana, kwa hiyo badilisha bei: lipisha kwa jaribio moja, na timu ikianguka yote, benchi linalosubiri linaingia.