Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuainisha Tembo Waliopo na Waliotoweka

Kabla ya kuanza kuwapanga tembo katika makundi yao, iwe ni kwa somo la darasani au kwa kazi ya kuongoza wageni mbugani, inafaa kwanza kuangalia orodha unayoitumia iliandikwa lini. Vitabu vingi vya zamani vinataja spishi mbili tu zilizo hai, ilhali leo zinatambuliwa tatu: tembo wa savana, Loxodonta africana, tembo wa msituni, Loxodonta cyclotis, anayeishi katika misitu ya Kongo na Afrika Magharibi, na tembo wa Asia, Elephas maximus. Mwaka 2021 IUCN, umoja wa kimataifa wa uhifadhi, iliwatathmini tembo wa Afrika kama spishi mbili mbalimbali, ikamweka yule wa msituni katika daraja la walio hatarini kupita kiasi. Kwa maoni yangu hili ndilo jambo zito kuliko yote, kwa kuwa walipohesabiwa pamoja, hali mbaya ya tembo wa msituni ilifichika nyuma ya wingi wa wenzao wa savana.

Anayetegemea macho ajiandae kutazama bila haraka. Tembo wa msituni ana masikio ya mviringo na pembe zilizonyooka kuelekea chini, na kwa kawaida ana kucha tano katika kila mguu wa mbele na nne katika wa nyuma, wakati wa savana huwa na nne na tatu. Hata hivyo, katika msitu wa Kibale, magharibi mwa Uganda, spishi hizo zimezaliana, na hapo umbo halitoshi; hutakiwa kupimwa vinasaba, ambavyo hupatikana hata kwenye kinyesi.

Kwa waliotoweka, anza na gego. Gego la tembo limeundwa kwa bamba nyingi zilizobanana, na linaposagika, la tembo wa Afrika huacha alama zenye umbo la almasi, ilhali la tembo wa Asia na la mamothi, tembo wa kale aliyetoweka, huonyesha mistari myembamba iliyokaribiana. Gego la mastodoni, mnyama mwingine wa kale aliyefanana na tembo, ni tofauti kabisa, kwani lina vilima vyenye ncha. Ndiyo maana mnyama huyo hawekwi katika familia ya tembo, Elephantidae, ingawa jina la jenasi yake (kundi dogo kuliko familia), Mammut, huwapoteza wengi kwa kufanana na la mamothi. Mamothi, kinyume chake, ni wa familia hiyo, tena ana undugu wa karibu zaidi na tembo wa Asia kuliko alio nao tembo wa Afrika.

Atakayeshughulikia visukuku vya Olduvai atakutana pia na Deinotherium, aliyekuwa na pembe zilizopinda chini kutoka taya la chini na ambaye ana familia yake mwenyewe, pamoja na tembo aliyezoeleka kuitwa Elephas recki, ambaye wataalamu wengi sasa humweka katika jenasi ya Palaeoloxodon. Kwa huyu, andika majina yote mawili kwenye kadi ya kumbukumbu, ili anayesoma ripoti za zamani aweze kumtambua.