Vile unaweza kufundisha PE na watoto 56, mpira moja na kakiwanja kadogo

Walimu wenzangu, kabla sijawaambia kitu yoyote naomba mfanye hii kwanza. Kipindi cha PE (mazoezi ya mwili) kijacho, chagua mtoto mmoja bila kumwambia, si yule mwepesi anajulikana shule yote, chagua yule hukai ukimwona sana, halafu ushike simu yako uweke saa. Akikimbia, akiruka, akirusha, unaiwacha iende. Akisimama unaisimamisha. Kipindi kikiisha angalia ni dakika ngapi.

Mimi nilifanya hivyo na msichana wa Gredi 5 na nikalala vibaya hiyo usiku. Kipindi ni dakika 35. Alikuwa amesongesha mwili dakika nne tu. Zile zingine zote alikuwa kwa foleni, anangoja zamu ya kupiga mpira golini, na nikimwangalia vizuri naona ameegemea ukuta anabandua rangi na kucha, pole pole, kipande kwa kipande, na mimi hapo mbele napiga firimbi nikijua nafundisha. Na si mtoto mvivu! Hiyo foleni niliipanga mimi.

Piga hesabu uone. Mpira ni moja, watoto ni 56, kila mtu achukue sekunde 20 tu kukimbia, kupiga na kurudisha mpira. Hiyo ni karibu dakika 19 ndio zamu irudi kwako. Toa dakika za kutoka darasani, za kufunga kamba za viatu, za wewe kuelezea, unapata mtoto amegusa mpira mara moja. Shirika la Afya Duniani linasema mtoto wa miaka 5 hadi 17 anafaa kupata wastani wa dakika 60 kila siku za kufanya mwili utoke jasho, na angalau siku tatu kwa wiki ziwe na vitu za kukaza misuli na mifupa, kama kuruka. Sasa mtoto wa Pipeline ama Mathare hapa Nairobi anaishi ghorofa ya sita, chini ni barabara na boda, hiyo saa moja ataipatia wapi kama sisi tunampea dakika nne?

Kwa hivyo kazi yako ya kwanza ni kuua foleni, hizo zingine zote zinafuata hapo.

Anza na vifaa, na usingoje shule inunue. Kamba ya manila unapata hadwea yoyote, unakata vipande vya mtoto mmoja mmoja (akikanyaga katikati, ncha zifike kwapani, hiyo ndio saizi yake) na vipande virefu viwili vitatu vya kurukwa na watu wengi. Tyubu ya pikipiki iliyoisha, fundi wa boda atakupatia bure ama kwa pesa kidogo, unaikata mikanda myembamba unafunga pamoja, hiyo ni blada na wasichana watakufundisha wewe vile inachezwa. Chupa za maji zikijazwa mchanga zinakuwa alama. Chaki unayo. Mipira nayo, zamani tulikuwa tunafunga ya juala, lakini tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Agosti 2017 juala zimekuwa ngumu kupata, kwa hivyo ambia kila mtoto alete soksi moja iliyotoboka na matambara, ndani weka kipande cha godoro kuukuu, funga na uzi vizuri. Kipindi kimoja cha kutengeneza, na kila mtoto ana mpira wake wa kurusha. Kila mtoto! Hiyo ndio siri yote, kifaa kidogo kwa kila mkono ni bora kuliko mpira moja mzuri wa ngozi.

Halafu gawanya kiwanja. Hata kama ni ile kompaundi ya saruji kati ya madarasa mawili, chora na chaki vituo sita. Watoto tisa tisa ama kumi kumi kila kituo: kamba, blada, kurusha ukutani, kukimbia kwa kugeuka kati ya chupa, kuruka mistari na mguu mmoja, na ule mchezo wa kati. Dakika tatu, unapiga makofi, wanasonga kituo kinachofuata. Ndani ya kituo wawe wawili wawili, huyu anaruka huyu anahesabu kwa sauti. Wiki ya kwanza itakuwa fujo, nawaambia ukweli, watagongana, wengine watasahau waende wapi, usikate tamaa ukarudi kwa foleni. Wiki ya tatu unapata wanasonga wenyewe kabla haujapiga makofi.

Kuhusu kati, najua wote tumeicheza, wawili wanarusha na wa katikati anakwepa. Shida yake ni moja, mwenye amepigwa anatoka anakaa chini, na mwenye anapigwa kwanza siku zote ni yule mtoto mzito ama mwoga, yaani mwenye anahitaji mazoezi zaidi ndio anakaa zaidi. Badilisha sheria. Ukipigwa unaenda kurusha, na aliyekupiga anaingia katikati. Hakuna kutoka. Tapo, ule mchezo wa kukimbizana na kugusana, pia vile vile, ukiguswa unaruka mara tano hapo hapo halafu unarudi kwa mchezo.

Sasa nikae kidogo kwa kurusha, kwa sababu ni kitu tunaachia watoto wafanye tu bila kuwafundisha, na inafundishika. Nilikuwa na kijana wa Gredi 4, anarusha mpira kama mtu anamwaga maji ya beseni, kifua mbele, unaanguka hapo miguuni. Wenzake wanacheka. Nikamwangalia mara tatu nne ndio nikaona kosa: anarusha na mkono wa kulia na anakanyaga mbele na mguu wa kulia, kwa hivyo kiuno hakina nafasi ya kuzunguka, nguvu yote inabaki kwa kiwiko. Nikamfunga kauzi kekundu kwa kiatu cha kushoto. Nikamwambia simama ubavu kama unapita mahali pembamba, peleka mkono nyuma, halafu kiatu cha uzi ndio kitangulia. Mara ya kwanza akachanganyikiwa. Mara ya tano hivi mpira ukagonga ukuta paa! na yeye mwenyewe akaangalia mkono wake. Mwenye anatumia kushoto unamgeuzia, uzi uende kiatu cha kulia. Na wakirusha, wote wanarusha pamoja, wote wanaenda kuokota pamoja ukisema, hapo hakuna mtu atapigwa kisogo. Hapo ndio mahali pa kuwaambia habari ya Julius Yego, alijifunza kurusha mkuki akiangalia video za YouTube, na mwaka wa 2015 kule Beijing akawa bingwa wa dunia na mita 92.72. Na siku ya mbio fupi waambie Omanyala alikimbia mita 100 kwa sekunde 9.77 hapa hapa Kasarani Septemba 2021. Watoto wetu wanajua Wakenya ni wa mbio ndefu peke yake, sasa yule mwenye hawezi mbio ndefu anajiona hana mahali.

Wakati wa kupasha mwili moto usiwapange mistari ya kunyoosha mikono wakisimama tu, wacha wazunguke kiwanja wakitembea, kisha wakikimbia polepole, kisha goti juu, kisha kisigino matakoni, dakika nne tano zimetosha. Maelezo yako yasizidi nusu dakika. Onyesha, usihutubie.

Kujua kama wanafanya kwa nguvu ya kutosha hauhitaji mashine. Mwambie mtoto aimbe. Akiweza kuimba wimbo wote vizuri bado analala, akiweza kuongea lakini wimbo unakatika, hapo ndio panafaa, na akishindwa kumaliza hata maneno mawili matatu yuko juu kabisa, mpatie dakika apumue. Na mkumbuke Nairobi tuko juu ya mita 1,600 kutoka baharini, kwa hivyo mtoto amehamia jana kutoka Mombasa akihema sana msimwite mvivu, mpeni wiki kadhaa.

Kuna watoto lazima uwajue kabla. Mwenye pumu, inhela iwe kiwanjani na si kwa begi darasani, na kama ni vumbi mwaga maji kwanza. Mwenye hajakula asubuhi, na unawajua, usimkimbize, mpatie kituo cha kurusha na uongee na mwalimu wa darasa. Shule zenye watoto wanakula Dishi na County (ule mpango wa kaunti ya Nairobi wa chakula cha shule) msiweke PE mara tu baada ya sahani kurudishwa, ombeni iwekwe kabla ya lanchi. Msichana amevaa rinda aruhusiwe kuvaa kaptura ndani, hilo jambo dogo linaweza kufanya akatae kuruka mwaka mzima na wewe ukidhani hapendi. Mtoto wa kiti cha magurudumu asifanywe wa kushika koti za wengine, kituo cha kurusha na cha kati anaingia sawa na wenzake, punguza tu umbali. Damu ya pua: ainamishe kichwa mbele, si nyuma, abane ile sehemu laini ya pua dakika 10 bila kuachilia.

Na tafadhali, tafadhali, frog jump na kuzunguka fildi isiwe adhabu. Mtoto amechelewa unamkimbiza raundi tano, halafu saa nne unamwambia kukimbia ni afya, atakuamini vipi? Pia msipime watoto uzito mbele ya wenzao. Kama unataka kuona maendeleo, kila Ijumaa mtoto ahesabu ameruka kamba mara ngapi kwa sekunde 30, aandike nyuma ya kitabu chake, ashindane na namba yake ya wiki iliyopita na si ya jirani.

Mvua ya Aprili ikija, ama ile ya Novemba, usipeane kipindi kwa hesabu. Najua vile inaendaga, mwalimu mwenzako anakuja mlangoni na chaki mkononi, "si watoto wako ndani tu, nipee hizo dakika," na muhula wa tatu ikikaribia mitihani hata anachukua bila kuuliza. Mkatalie kwa heshima, mwonyeshe ratiba. Sukumeni madeski ukutani, weka muziki kwa simu, mtoto mmoja aongoze dansi, wengine wafuate, badilisha kiongozi kila wimbo. Mzazi naye akilalamika ati mtoto anacheza badala ya kusoma, mwalike siku moja, mpe kamba aruke dakika moja na mtoto wake. Wanaondoka wakicheka na mada inaishia hapo.

Yule msichana wangu nilimpima tena muhula uliofuata, vituo vikiwa vimezoeleka. Dakika 19. Bado si 60, lakini si nne.

Kitu ya mwisho ni gunia. Vifaa vyote vikae kwa gunia moja stafurumu, watoto wawili wa zamu wanahesabu zikitoka na wanahesabu zikirudi, wanaandika kwa karatasi. Kamba hupotea haraka sana, na ukibaki na tano kwa watoto 56, foleni inarudi.