Mafuta ya ganda la chungwa: yapi ya kujipaka, yapi ya kunukisha nyumba

Kabla ya yote chukua chupa yako usome imeandikwa nini. Chungwa tamu, chenza, limau, ndimu, danzi, balungi, bergamoti, zote ni ukoo mmoja na zote zinanukia vizuri ila zikifika kwenye ngozi hazifanani hata kidogo, na hapa ndo watu wengi wanaumia.

Mdogo wangu aliwahi kuchanganya mafuta ya ndimu na mafuta ya nazi bila kupima, akajipaka mabegani asubuhi halafu akaenda Raskazone kuogelea. Jioni mabega yanawaka kama kamwagiwa chai ya moto, kesho yake malengelenge, na yalipokauka yakaacha madoa meusi yaliyokaa miezi. Iliniuma sana maana mimi ndo nilimpa ile chupa. Sababu yake ni kwamba ganda la ndimu, limau, danzi na bergamoti lina vitu vinaitwa furanokumarini, vikikaa kwenye ngozi na jua likapiga vinaiunguza. Ndo hayo hayo yanayowapata wanaojipaka ndimu usoni ili wang'ae halafu wanatoka juani, jamani acheni.

Kwa hiyo mimi cha kujipaka natumia chungwa tamu au chenza tu, hizo jua haligombani nazo. Ukitaka limau lazima, isizidi asilimia 2 ya mchanganyiko mzima, ndimu isifike hata 1, kikomo chake ni 0.7, na bergamoti ni 0.4, na ukizidisha kaa mbali na jua kwa muda wa saa 12 nzima. Mafuta ya ndimu yaliyopatikana kwa mvuke hayana shida hiyo, ila kama chupa haisemi yametengenezwaje basi chukulia ni ya kukamuliwa.

Sasa kipimo. Matone 20 ni kama mililita 1, kwa hiyo matone 20 kwenye mililita 100 za mafuta ya nazi ni asilimia 1, inatosha mwili mzima, usoni weka nusu yake. Najua utanusa uone harufu ndogo utamani kuongeza, usiongeze, pua inazoea haraka lakini ngozi inahesabu. Paka kidogo ndani ya kiwiko usiku, ukiamka salama endelea. Na usiyapake yenyewe bila kuchanganya, wala usidondoshe matone kwenye maji ya kuoga moja kwa moja, mafuta hayaingiani na maji yanaelea tu na kukukamata sehemu moja.

Skrabu ndo rahisi kuliko vyote: sukari kikombe kimoja, mafuta ya nazi nusu kikombe, matone 20 ya chungwa, koroga, weka kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko. Chota kwa kijiko kikavu, maji yakiingia inaharibika. Mafuta ya nazi yanaganda chini ya nyuzi 24 hivi, kwa hiyo sisi wa pwani skrabu inakuwa ya majimaji, ongeza sukari, wa Njombe au Arusha itakuwa ngumu, iponde kwa kijiko.

Ya midomo: yeyusha nta ya nyuki kijiko kimoja cha chakula na mafuta ya nazi vijiko vinne, bakuli liwe juu ya sufuria ya maji ya moto sio motoni moja kwa moja. Epua, subiri mpaka uone pembeni panaanza kuwa peupe na kushika, hapo ndo udondoshe matone 10 ya chungwa, koroga haraka umimine. Ukiyatia bado ya moto harufu yote inaruka na mvuke unabaki na nta tupu.

Nyumbani sasa una uhuru, hapo limau na ndimu zitumie utakavyo. Tatizo la machungwa ni kwamba yananukia dakika chache yanapotea, yanahitaji kitu kizito cha kuyashika, na hapa hakuna kinachoshinda karafuu. Matone 30 ya chungwa, 5 ya mafuta ya karafuu, spiriti ya famasi mililita 100, kwenye chupa ya sprei, tikisa kila unapopuliza, lakini isiwe karibu na jiko la gesi wala mshumaa. Hiyo yenye karafuu usijipake, inawasha. Na tafadhali usimimine mafuta haya kwenye chetezo chenye makaa, yanashika moto vibaya. Kama unafuga paka ndani basi acha kabisa, miili yao haiyawezi.

Usipokuwa na hela ya mafuta, msimu wa machungwa ya Muheza usitupe maganda, chemsha moto mdogo na mdalasini na karafuu tano sita, nyumba nzima inabadilika. Usihangaike na rangi, machungwa yetu yanaiva yakiwa kijani kwa sababu usiku wa huku hauna baridi, harufu ipo ile ile.

Kutunza: chupa nyeusi ya kioo, kifuniko kimebana, kwenye friji. Zaidi ya asilimia 90 ya mafuta ya chungwa ni limonini, na hiyo ikipigwa na hewa inageuka kitu kinachowasha ngozi, kwa hiyo ukishafungua andika tarehe kwenye chupa na baada ya miezi 6 mpaka mwaka usijipake tena. Usiyatupe lakini, yanatoa gundi ya stika kwenye mitungi ya kioo ajabu, weka tone mbili kwenye kitambaa, vaa glavu, sugua, subiri dakika tano, futa, halafu osha na sabuni.