Ukimrudisha mtoto kwao, hakikisha amefika

Saa nne usiku nilikuwa nashona magunia ya dagaa ya kupeleka soko la samaki la Mwaloni alfajiri, geti likagongwa mara mbili, taratibu. Kabla sijafungua nikajua ni yeye, maana hakuna mwingine anayegonga hivyo. Alikuwa peku, suruali imechanika gotini, mkononi hana kitu. "Shikamoo, mama." Zilikuwa siku 19 tu tangu nimwache kijana huyu niliyekuwa namlea kwao, kijiji kimoja cha Sengerema. Na niseme ukweli: nilifurahi kumwona. Aibu ilikuja baadaye, nilipokuwa nampashia ugali.

Hapa Mwanza mimi ni mlezi kwenye zile familia za kuaminika. Ustawi wa jamii wanaipima kaya, wakiridhika wanaikabidhi watoto waliokutwa wanalala stendi, Makoroboi au kwenye vibaraza vya maduka, wakati kwao kunatafutwa. Mtoto anakaa miezi kadhaa, mwingine mwaka, kisha anaunganishwa na familia yake. Miaka ya mwanzo niliamini siku ya kumpeleka ndiyo siku ya kufunga kazi. Tunapiga picha na wazazi, tunasaini, tunapanda gari. Kumbe ndio kwanza kazi inaanza. Kama unajiandaa kumpeleka wa kwanza, haya ndiyo ninayoyafanya sasa.

Usiridhike na jibu la kwanza

Muulize mtoto kwa nini aliondoka nyumbani, atakwambia "njaa" au "nilikuja kutafuta kazi". Si uongo, ila hilo ni jibu la kumpa mtu mzima ili aache kuuliza. Lile lingine huja wiki ya tatu au ya nne, tena mikono ikiwa na kazi. Mimi nachambua nao dagaa. Tunatoa mchanga na vijiti, macho yote yako kwenye ungo, hakuna anayemtazama mwenzake usoni. Siulizi nani alikupiga. Nauliza kwenu mnalala wangapi chumba kimoja, nani anapika, baba akirudi jioni anapitia wapi, ng'ombe wanachungwa na nani.

Kwa kijana wangu wa Sengerema nilikuwa sijauliza habari ya ng'ombe. Niliiuliza usiku ule aliporudi, na kabla hajamaliza ugali nikawa nimejua yote. Alisinzia machungani, ng'ombe wakaingia kwenye mpunga wa jirani, baba yake akatozwa faini mbele ya wazee. Akamwona baba anakata fimbo, hakusubiri. Sisi tukamrudisha na sare mpya ya shule, na ile faini bado haijalipwa. Kila baba alipokutana na jirani kisimani, hasira ilirudi nyumbani, na mtu wa kumalizia hasira hiyo ameshaletwa na gari la serikali.

Kwa hiyo kabla hujamrudisha mtoto, uliza alichokimbia kimeisha? Kama ni kesi, imalizwe na mtoto aone imemalizwa. Kama ni baba wa kambo, kaa naye, tena usimpite ukaongea na mama peke yake, maana ukimpita atakuonyesha kwamba mwenye nyumba ni yeye.

Nenda kwanza bila mtoto

Safari ya kwanza nenda na afisa ustawi wa jamii, mtoto abaki. Usijipeleke mwenyewe bila afisa. Huyu mtoto yuko mikononi mwako kwa utaratibu wa kisheria, si kwa huruma yako. Mkifika, mpitie mwenyekiti wa kitongoji, ndipo mwende kwenye kaya. Omba kuonyeshwa atakapolala. Si kuambiwa, kuonyeshwa. Nimewahi kuonyeshwa kitanda chenye neti mpya, nikamuuliza mdogo wao wa miaka 5 analala wapi, akaelekeza kidole kitanda kilekile. Wangekuwa watano.

Tafuta na mtu wa pili. Mzazi peke yake hatoshi, si kwa sababu ni mbaya, bali kwa sababu siku atakapozidiwa mtoto anahitaji mahali pa kwenda kulala bila kupanda basi la mjini. Shangazi, mjomba, bibi wa nyumba ya tatu. Mwambie huyo mtu mbele ya wazazi: akija kwako usiku mpokee, asubuhi ndipo muulizane. Kwa watoto wangu, mtu wa pili amefanya kazi kubwa kuliko magunia yote ya unga tuliyobeba.

Halafu uliza kama kaya imo kwenye mpango wa TASAF wa kusaidia kaya maskini, na uliza shule. Ada ilifutwa, lakini kuna sare, madaftari na mchango wa uji, na mtoto anayerudishwa nyumbani mbele ya wenzake kwa ajili ya mchango hachelewi kukumbuka njia ya stendi. Uhamisho ushughulikie ukiwa mjini. Mwalimu atataka namba ya PREM, yaani namba ya usajili wa mwanafunzi, na kama mtoto aliacha shule zamani, namba iko shule aliyoanzia, inabidi kufuatiliwa. Mwenye miaka 13 usimwache akae darasa la pili na watoto wa miaka 8, watamcheka hadi aondoke. Tafuta shule yenye darasa la MEMKWA, la elimu ya msingi kwa walioikosa.

Kuhusu msimu. Huku kwetu mwezi wa kwanza na wa pili ghala limeisha na shule inadai. Ukimpeleka wakati huo, umeongeza sahani kwenye nyumba inayokula mara moja. Mimi naomba tusubiri mavuno, pamba ikianza kuuzwa, nyumba ina chakula na baba ana sauti ya kawaida. Likizo fupi za majaribio, siku 3 kisha wiki 2, zinaweza kufanyika wakati wowote.

Viatu

Hili ni kosa langu mimi. Nilimnunulia yule kijana raba nyeupe, nzuri, nikamfungia begi jipya na jezi ya Simba. Nilitaka arudi kama mtu. Ndugu zake wanne walisimama mlangoni wamevaa kandambili za rangi mbili tofauti, wakamtazama kuanzia miguuni kwenda juu. Siku ya pili kaka yake alizivaa kwenda machungani. Siku ya sita baba aliziuza, ndiyo ile nusu ya faini iliyolipwa. Kijana akasema maneno, akapigwa. Raba zile ndizo zilizomrudisha kwangu peku.

Siku hizi mtoto wangu anaondoka na ndala, sare na daftari, na kila mdogo wake ana daftari lake. Kinachobaki kiende jikoni kwa mama: dagaa, chumvi, sabuni ya mche. Mama akifurahi siku ya kwanza, mtoto anaingia ndani kama baraka, si kama mgeni wa mjini.

Na kabla hujaaga, yaseme mambo ya aibu. Wengi wa watoto waliolala nje wanakojoa kitandani, hata wakubwa. Mwambie mama faragha, mpe nailoni ya kutandika, mweleze kwamba kumwanikia godoro njiani ili watu waone hakumponyi. Ongea na baba habari ya fimbo pia. Usiulize kama atampiga, atasema hapana. Uliza: akipoteza mbuzi utafanyaje? Sikiliza anavyojibu na inachukua muda gani.

Neno moja usiseme kamwe: "Ukishindwa, rudi kwangu." Nililisema. Nilidhani ni upendo. Mtoto akilisikia, hawekezi moyo wake pale, anahesabu siku. Sema: "Ukiona shida, nipigie kabla hujaondoka," na uache namba kwa mtu wa pili na kwa mwalimu, si kwenye simu ya baba tu.

Wiki za mwanzo

Wiki ya kwanza ni sherehe, usidanganyike nayo. Wangu waliorudi, karibu wote walirudi kati ya wiki ya pili na mwezi wa tatu. Kwa hiyo nenda wiki ya pili, nenda mwezi ukiisha, nenda tena shule zikifunguliwa. Zamani Sengerema foleni ya kivuko pale Kigongo ilikuwa inanila nusu siku. Tangu daraja lifunguliwe mwaka 2025 nakwenda na kurudi mchana wa siku hiyohiyo. Ukifika, usiongee na mtoto sebuleni. Mwombe akusindikize kisimani. Na kwenye simu usiulize "hujambo?", maana atajibu hajambo. Uliza jana alilala wapi, na mwalimu amefundisha nini leo. Asiyejua mwalimu amefundisha nini hajaenda shule.

Akirudi kwako hata hivyo, mlishe, mlaze, usimhoji usiku. Lakini usimfiche. Asubuhi mpigie afisa, na kama hapatikani, namba 116 ya simu ya mtoto ni bure. Kisha anza upya kuuliza kilichovunjika, maana mara nyingi ni kitu kimoja chenye jina, na kinarekebishika. Tulirudi Sengerema tukakaa na jirani wa mpunga, akakubali kilichobaki kilipwe kwa siku mbili za kulimiwa. Kijana mwenyewe alishika jembe na baba yake.

Wapo wasiorudishwa. Nilikuwa na binti ambaye kila tukitaja safari, usiku hali chakula. Wiki ya tano, kwenye ungo, akasema kilichokuwa kinatokea. Huyo tulienda naye Dawati la Jinsia na Watoto polisi, na nyumba ile hakuiona tena. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mtoto haki ya kuishi na wazazi wake, na sheria hiyohiyo inataka maslahi ya mtoto yatangulie. Usikubali kuharakishwa na yeyote kwa sababu orodha ya watoto ni ndefu. Sasa binti huyo anaishi kwa mama yake mdogo, mkoa mwingine.

Kijana wa Sengerema ana mwaka na miezi 4 nyumbani. Mara ya mwisho nilipokwenda hakunikuta njiani kama zamani, alikuwa machungani na hakuharakisha kurudi. Bibi yake, ambaye ndiye mtu wetu wa pili, alinionyesha namba yangu ameiandika kwa mkaa nyuma ya mlango wake. Tarakimu mbili za mwisho zimeshafutika. Nikaokota mkaa jikoni nikaziandika tena.