Somo: Mihuri ya kadi, kampuni zipi na mgongo upi (na kwa nini usilipie mbao)

Wadau, maswali ya mihuri, hii ya kugonga picha na maandishi kwa kadi za kujitengenezea, yamezidi tangu watu waanze kujipanga na kadi za krismasi na zile za ruracio (sherehe ya mahari), kila mtu anataka aambiwe kampuni gani ndiyo kali, na jibu langu ni moja tu, pesa weka kwa mpira na kwa wino, mgongo jitengenezee. Mpira ni ile sehemu yenye picha, unaipaka wino unagonga kwa karatasi. Mgongo ni ile kitu inashikilia mpira, iwe mbao, foamu ama Perspex, ile plastiki ngumu ya kupenya macho kaa kioo. Ukiagiza mhuri wa mbao kutoka Marekani ama Uingereza mzigo unapimwa kilo, kwa hivyo unajikuta umelipia kipande cha mti nauli ya ndege na huku soko la Gikomba mbao zimepangwa mpaka barabarani.

Somo ni refu kidogo, weka chai kando.

Hatua ya 1: jua unashika nini

Aina ni tatu. Kuna mpira wenyewe, mara nyingi mwekundu ama wa kijivu, unapikwa kwa moto na presha ndani ya kalibu, ni ile kazi ya Charles Goodyear ya 1839 ya kupika mpira na salfa mpaka ukawa hauyeyuki kwa joto. Huu ndio unashika wino vizuri kushinda zote, mistari myembamba inatoka safi, na ukiutunza utaachia wajukuu.

Halafu kuna fotopolima, ile ya kupenya macho. Inaanza ikiwa majimaji kisha inagandishwa na mwanga wa UV. Raha yake unaona kabisa pale unagonga, huhitaji kukisia. Shida yake haipendi jua, ukiiacha kwa dirisha inageuka njano na inakuwa ngumu, na wino mweusi huacha doa, lakini doa halina neno, mhuri unaendelea kufanya kazi.

Ya mwisho ni silikoni, zile seti za bei ya chini kutoka China, picha nyingi kwa karatasi moja. Wino unakimbia juu yake, unajikusanya matone matone, na picha inatoka na vidoadoa kaa manyoya ya kanga. Kwa mtoto wa darasa la pili anayejifunza ni sawa. Kwa mteja aliyelipa deposit, hapana.

Hatua ya 2: kampuni, kwa ufupi

Stampers Anonymous ndio wanatoa dizaini za Tim Holtz, msanii wa Marekani wa kazi za karatasi, mpira mwekundu uliochimbwa kina, na foamu ya kunata iko nyuma tayari. Kile kina ndicho unalipia, wino haufiki chini kwa sakafu ya mhuri kwa hivyo hupati alama za ajabu kando ya picha. Kwa mpira, mimi hawa ndio naweka mbele.

Hero Arts wameanza 1974 huko California na jina lao lilijengwa na mihuri ya mbao, siku hizi fotopolima yao ni nyingi pia. Stampin' Up! ni wa Utah, walianza 1988, wanauza kupitia mawakala, mpira wao mwekundu unakuja umeshakatwa kufuata picha kwa hivyo kazi ya makasi imepungua. Altenew wako na yale maua ya tabaka, unagonga petali rangi nyepesi kisha unaongeza nzito juu yake, na kwa kazi kaa hiyo usijaribu mpira usiopenya macho, utatafuta mahali pa kugonga mpaka uchoke. Lawn Fawn ni wanyama wadogo wa kuchekesha, kadi za birthday za watoto zinaenda sana.

Trodat na Colop ni za Austria zote mbili, hizi ni za ofisi, zile zinajipaka wino zenyewe ukibonyeza. Usizidharau. Kwa kugonga jina la biashara yako nyuma ya bahasha mia mbili hakuna kitu inazishinda.

Hatua ya 3: fundi wa mhuri wa tao (mjini)

Hapa ndio Nairobi tuko na bahati. Yule fundi anayekata mihuri ya kampuni na leza pale tao anaweza kukukatia dizaini yako mwenyewe ukingoja. Mpelekee mchoro mweusi tupu juu ya nyeupe, usipeleke picha yenye kijivujivu, kwa sababu leza inachoma ama haichomi, haijui katikati. Mistari isiwe myembamba chini ya nusu milimita. Mkumbushe ageuze picha iwe kinyume kaa kwa kioo, wengi wanajua lakini uliza tu, hasa kaa kuna maandishi. Halafu mwambie waziwazi, "Boss, nipe mpira peke yake, sitaki kishikio." Atakuangalia vibaya kidogo. Mpe muda atazoea, na hapo bei ongeeni, kishikio ni sehemu kubwa ya ile anakuitisha.

Mpira wa leza wengi wanatumia uko karibu milimita 2.3, unatosha. Ukiupokea utakuwa unanuka moshi na ukipitisha kidole unatoka na unga mweusi, ule unga umejaa ndani ya herufi, kwa a na e ndio unakaa zaidi. Osha na maji vuguvugu, sabuni ya vyombo na mswaki mzee, sugua kwa mzunguko, anika kivulini. Usipoosha, huo unga unaingia kwa pedi yako ya wino na pedi haitasahau.

Na jamani, usimpelekee fundi dizaini ya kampuni nyingine akunakilie. Hiyo ni wizi, hata kaa hakuna mtu anaona.

Hatua ya 4: kubandika foamu

Kwa nini foamu? Meza haiko sawa, karatasi haiko sawa, na mkono wako pia hauko sawa. Foamu inasukuma mpira ufike kila mahali. Bila foamu katikati ya picha inabaki nyeupe. Foamu ikiwa laini sana nayo, mpira unazama na mabega yake yanagusa karatasi, unapata mstari mchafu kuzunguka picha.

Foamu inayojulikana zaidi ni EZMount. Upande mmoja una gundi ya kudumu, upande wa pili unanata kwa kitu laini kama Perspex na unatoka bila kuacha gundi. Fanya hivi:

Kata mpira karibu na picha, ukiinamisha makasi kidogo ili chini pawe panapana kuliko juu. Zungusha mpira, makasi yatulie. Usiingie ndani ya kila jani dogo na kila kidole cha mdoli, acha milimita moja ama mbili, ukikata sana mhuri unayumba.

Pangusa nyuma ya mpira, vumbi likibaki gundi haitashika. Bandua karatasi ya upande wa gundi, panga mipira yako yote pamoja ikijazana vizuri ndio usipoteze foamu, kisha bonyeza kila mmoja na kidole gumba kutoka katikati kwenda nje. Foamu ndio gharama hapa, kwa hivyo hii dakika ya kupanga isikuume.

Kata foamu kufuata mpira, na USITOE plastiki ya upande wa chini mpaka umalize kukata. Hiyo plastiki inafanya makasi yasikwame. Makasi yakianza kunata paka mafuta kidogo sana ya kupikia na upanguse.

Ukikosa EZMount, foamu ya EVA ya milimita 2 ya kazi za mikono za shule inafanya kazi. Upande wa mpira weka selotepu ya pande mbili, ile nzuri, na upande wa chini paka gundi ya Aleene's Tack-It Over & Over, iache ikauke kabisa mpaka ipoteze weupe, ndio iwe ya kunata na kutoa. Ukiibandika ikiwa bado maji itashika daima.

Hatua ya 5: bloku

Bloku ni kipande cha Perspex unachobandika mhuri juu yake ndio uushike ukigonga. Nenda kwa watu wa mabango, wale wanakata Perspex, uliza vipande vilivyobaki. Milimita 3 inapinda ukibonyeza mhuri mkubwa, chukua 6 kwenda juu, ya 10 ukipata ni raha. Wakukatie saizi tatu hivi, usijaze droo. Kingo zinaumiza, pitisha msasa laini ukiwa umelowesha maji. Kaa uko na kisu na rula chora mistari ya mraba upande mmoja, itakusaidia kugonga maandishi yasiende mlima.

Hatua ya 6: gonga

Mhuri mkubwa usiubebe kwenda kwa pedi, leta pedi juu ya mhuri uugongegonge polepole mpaka uone umeng'aa kote. Karatasi ikae juu ya gazeti lililokunjwa kaa unatumia fotopolima, kwa mpira wenye foamu meza tupu inatosha. Bonyeza moja kwa moja chini, shikilia, inua. Usiyumbishe.

Kuhifadhi, lamineti karatasi ya A4 pale saiba, bandika mihuri juu yake, weka kwa box file. Zile kava za zamani za DVD pia ni nzuri, na nyumba nyingi bado ziko nazo na hakuna DVD.

MASWALI YA WANACHAMA

Dada wa Ruaka: Mwalimu mhuri wangu wa kupenya macho ni mpya kabisa lakini wino unakataa kukaa, nimeuziwa feki?

Jibu: Si lazima, dadangu. Fotopolima mpya huwa na utando juu yake. Chukua raba nyeupe ya penseli, sugua juu ya picha polepole bila kukwaruza, osha, kausha, gonga mara kadhaa kwa karatasi ya kutupa. Ikiendelea kukataa baada ya hapo soma pakiti, kaa imeandikwa silikoni basi ndivyo ilivyo.

Mama wa Athi River: Niko na mihuri ya mbao nilipewa na rafiki, nataka mpira tu, natoaje bila kurarua?

Jibu: Joto, mama. Blodraya ya nywele upande wa mpira mpaka gundi ilegee, kisha vuta kutoka pembe moja, polepole, ukifuatiliza joto. Kuna wenye wanatumia microwave sekunde chache chache, inafanya kazi pia lakini angalia kwanza hakuna msumari ama chuma chochote ndani. Ile foamu ya zamani ikibaki imeshika kwa mpira na bado ni nzima, usiitoe, unaiwekea Tack-It tu.

Kaka wa Kayole: hii MISTI kila mtu anasema, ni lazima?

Jibu: Kwa kadi moja moja hapana. MISTI ya My Sweet Petunia ni kaa boksi la mfuniko, mhuri unanata kwa mfuniko, karatasi inashikwa na sumaku chini, unafunga unagonga, ukiona haijatoka vizuri unapaka wino tena unafunga, inarudi palepale. Oda ya kadi za mwaliko mia moja ndio utaona maana yake. Kitu watu hawaambiwi, ile foamu inakuja nayo ndani ni ya mihuri myembamba ya kupenya macho, ukiweka mpira wenye foamu yake itoe, la sivyo mfuniko haufungi sawa na picha inatoka nzito upande mmoja.

Mwanachama wa Rongai: Nabisha kidogo, mbao iko na raha yake, na wanafunzi wangu wa darasa la kwanza hawawezi hizo bloku zenu za Perspex.

Jibu: Hapo umesema ukweli mwalimu mwenzangu, kwa watoto mbao inashikika na wanaona picha imechorwa juu. Lakini bado usiagize, chukua vipande kwa seremala, pitisha msasa, bandika. Epuka MDF, ile mbao ya unga wa mbao uliogandishwa, ikinyonya maji inavimba.

Dada wa South B: naosha na ile ya kutoa rangi ya kucha inatoa wino wote haraka sana

Jibu: Acha leo leo. Asetoni, ile iko ndani yake, inalegeza gundi ya foamu na ikigusa Perspex inaweka ukungu na nyufa ndogo ndogo ambazo hazitoki tena. Maji na sabuni. Kaa ulitumia wino wa StazOn, ambao hautoki na maji, tafuta kisafishio chake na ukitumie kwa mpira, fotopolima usiizoeshe.

Dada wa South B: na wino wa ofisi ule wa zambarau naweza kutumia kwa kadi za harusi, nikishagonga nipake rangi za maji?

Jibu: Utalia. Ule ukiguswa na brashi yenye maji unatambaa kadi nzima. Kwa rangi za maji tumia wino wa VersaFine ama Archival ya Ranger, ngoja ikauke kabisa, na usigonge kwa ile art paper inayong'aa, wino hauna mahali pa kuingia. Tumia karatasi ya manila nzito ama ivory board upande usiong'aa. Halafu jaribu kwa kipande kwanza dada, usianzie kwa kadi ya bibi harusi.